Milimita 28, 15 au 6? Kuchagua kipimo cha jeshi lako la mezani

Anayetaka kuanza mchezo wa vita vya mezani, unaochezwa kwa vijisanamu vya askari, dadu na kitabu cha kanuni, huuliza kwanza habari ya enzi: Warumi, Napoleon, au Vita vya Pili vya Dunia? Swali hilo ni tamu, na jibu lake laweza kubadilika bila hasara kubwa, maana hakuna anayekatazwa kuwa na majeshi ya enzi tatu. Swali la kipimo cha vijisanamu ndilo gumu. Ukishawapaka rangi askari mia mbili wa milimita 28 huwezi kuwachanganya na wa milimita 15, na nyumba, miti na kuta ulizowatengenezea zimefungwa kwenye kipimo hichohicho.

Msimamo wangu nautaja mapema: chagua kwa kuangalia cheo unachotaka kushika mezani. Anayetaka kuwa kapteni ana kipimo chake, na anayetaka kuwa jenerali ana chake. Wengi huchagua kwa sababu ya picha nzuri waliyoiona, kisha wanaishia na masanduku ya askari wasio na rangi yaliyolala kabatini.

Namba hizo zinapima nini

Kwa kawaida milimita hupimwa kutoka unyayoni hadi usawa wa macho, si hadi utosini, kwa sababu kofia na mashungi hudanganya. Mtu ambaye macho yake yako mita 1.6 kutoka ardhini, akifanywa milimita 28, amepunguzwa kwa takriban 1:57. Ndiyo maana vifaru vingi vya kuandamana naye huuzwa kwa skeli ya 1:56. Milimita 15 huendana na 1:100, milimita 10 huzunguka 1:150, na milimita 6 ni 1:285 au 1:300. Wale wa plastiki wanaoandikwa 1:72 huitwa milimita 20, ingawa ukiwapima hadi utosini hukaribia 24.

Kwa mfano wa haraka, chukua kifaru cha Tiger cha Wajerumani, ambacho kiwiliwili chake bila mdomo wa mzinga kilikuwa na urefu wa mita 6.3. Katika 1:56 kinakuwa sentimita 11, kinajaa kiganjani. Katika 1:72 ni karibu sentimita 9, katika 1:100 ni 6.3, na katika 1:300 ni 2.1 tu, kitu cha kushika kwa ncha za vidole viwili.

Usiziamini sana namba zilizoandikwa kwenye sanduku. Watengenezaji wamewanenepesha na kuwarefusha askari wao kidogokidogo kwa miongo kadhaa: kilichokuwa 25 kimekuwa 28, na wengi wanaouzwa kama 15 leo ni 18. Umbo nalo hutofautiana. Baadhi hufinyangwa na vichwa na mikono mikubwa ili nyuso zisomeke kwa mbali. Wengine, kama wale wa mapacha Alan na Michael Perry, hukaribia umbo halisi la mwanadamu. Ukiwaweka wa aina hizi mbili katika kikosi kimoja hawapatani hata kidogo, ijapokuwa wote wameandikwa 28. Kwenye vikosi tofauti hakuna atakayegundua.

Siku moja, mapigano mawili

Mfano unaolieleza jambo hili kuliko mwingine wowote ninaoujua ni tarehe 22 Januari 1879, katika vita vya Waingereza na Wazulu. Chini ya mlima Isandlwana, Wazulu wapatao 20,000 waliivunja kambi ya Waingereza iliyokuwa na watu takriban 1,800, wakiwemo askari Waafrika wa Natal. Waliingia kwa mpangilio wao wa pembe za ng'ombe: kifua kinabana kutoka mbele, pembe mbili zinazunguka ubavuni, kiuno kinasubiri nyuma. Alasiri hiyohiyo, ng'ambo ya mto Buffalo, watu wapatao 150 walijifungia katika kituo cha Rorke's Drift nyuma ya kuta za magunia ya mahindi na masanduku ya biskuti, wakapigana na Wazulu kati ya 3,000 na 4,000 hadi usiku wa manane kupita.

Majeshi ni yaleyale, silaha ni zilezile, siku ni ileile. Mezani, hata hivyo, hii ni michezo miwili isiyofanana.

Pale Rorke's Drift mhusika ni mtu mmojammoja. Nani yuko dirishani mwa hospitali? Nani anatoboa ukuta wa ndani ili kuwahamisha wagonjwa moto ukiwa juu ya paa? Ukuta upi wa magunia uachwe, na upi ushikiliwe? Milimita 28 inafaa hapa kuliko zote. Watetezi wote 150 waweza kupakwa rangi mmoja kwa mmoja, kila kijisanamu mtu mmoja kamili. Wazulu nao huingia kwa mawimbi. Aliyeondolewa katika wimbi la kwanza hurudi na la tatu, hivyo hakuna haja ya maelfu. Jengo la hospitali lenye paa linalofunguka na vyumba ndani linawezekana katika 28, na kwa shida katika 15. Katika 6 jengo hilo ni kijipande cha mbao chenye rangi ya paa.

Sasa ipeleke Isandlwana kwenye meza hiyohiyo. Tuseme kijisanamu kimoja kinasimama badala ya watu 33, uwiano wa aina inayotumika sana. Wazulu wanakuwa vijisanamu 600, kambi nzima vijisanamu 55. Kijisanamu cha milimita 28 huhitaji takriban sentimita 2 za upana. Wapange Wazulu 600 safu mbili: mstari wao unakuwa mita 6, wakati meza ya kawaida ya mchezo huu ni mita 1.8 kwa 1.2. Hakuna pembe itakayozunguka ubavuni, kwa sababu hakuna ubavu uliobaki. Kifua peke yake kimejaza meza ukingo hadi ukingo na bado kimemwagika. Uzuri wote wa mbinu ya Wazulu unapotea.

Kwa milimita 6 vijisanamu 24 hukaa kwenye kitako kimoja (kibao wanachobandikwa) cha milimita 60 kwa 30. Wazulu 600 ni vitako 25, mita moja na nusu kama ungevipanga vyote ubavu kwa ubavu. Ukiwapa kina, kifua kinachukua nusu meza, pembe zina nafasi ya kukimbia nyuma ya vilima, na Mwingereza aliyetawanya kombania zake mbali na hema anaona kosa lake likikomaa mbele ya macho yake. Hapo ndipo vita hivyo vinapoeleweka.

Kwa hiyo swali la kujiuliza si "vita gani?" pekee. Jiulize umesimama wapi ndani yake: ukutani na bunduki, au kilimani na darubini.

Milimita 28: kipimo cha kapteni

Macho hayana pazia, na 28 ndiyo inayoyavuta. Uso una hisia, vifungo vinaonekana, mkanda una kivuli. Kwa mtu ambaye furaha yake kubwa iko kwenye brashi, mjadala unaweza kuishia hapa. Pia ndicho kipimo chenye watengenezaji wengi wakubwa leo: Perry, Victrix, Warlord Games na wengine hutoa masanduku ya plastiki ngumu ya kukata na kuunganisha kwa gundi, ambamo unachagua mikono, vichwa na silaha. Sanduku moja la askari wa miguu mara nyingi huwa na zaidi ya 30.

Kanuni bora za kipimo hiki ni zile za vikosi vidogo. Saga, iliyotoka Ufaransa mwaka 2011, humpa mchezaji pointi chache tu: pointi moja hununua walinzi 4 wa bwana, au wapiganaji 8, au makuruta 12. Kundi zima la Waviking linaweza kumalizika likiwa chini ya askari 50. Bolt Action ya mwaka 2012 ni ya platuni za Vita vya Pili, na amri hutolewa kwa kuchomoa dadu mfukoni bila kujua itakuwa ya upande gani, kitu kinachomzuia mchezaji mmoja kusogeza jeshi lake lote huku mwenzake akitazama tu.

Shida inakuja pale mtu anapotaka pigano la Napoleon la Waterloo kwa 28. Bataliani ya Kifaransa kwa mpango wa mwaka 1808 ilikuwa na kombania sita za watu 140, jumla 840. Kwa uwiano uleule wa kijisanamu kimoja kwa watu 33, hiyo ni vijisanamu 25, idadi nzuri ya kupaka rangi na kupendeza mezani. Lakini brigedi moja ina bataliani kadhaa, divisheni ina brigedi kadhaa, na Napoleon siku ile ya 18 Juni 1815 alikuwa na watu wapatao 72,000. Klabu yenye watu kumi wenye subira inaweza kulifikia jambo hilo kwa kugawana kazi. Mtu mmoja anayeanza, namshauri asijaribu. Uchovu wa kupaka bataliani ya sita yenye makoti yaleyale ya buluu umewatoa watu wengi kwenye mchezo huu kabla hawajarusha dadu hata mara moja.

Milimita 6 na 10: kipimo cha jenerali

Wengi hukidharau kipimo cha 6 wakiona picha ya kijisanamu kimoja kilichokuzwa, kisicho na macho wala mdomo. Hiyo si namna ya kukitazama. Askari wa 6 hatazamwi mmojammoja. Kinachotazamwa ni kitako chenye watu 24, kisha vitako vinane vikisogea kwa pamoja, kisha bonde lote. Mchoraji anayejua kazi yake hapa hupaka kikosi na wala si mtu: koti, suruali, mkanda mweupe, bunduki, ngozi ya uso kwa nukta moja, basi. Rangi lazima ziwe angavu kuliko za kweli, kwa sababu koti la buluu iliyokolea kwenye kitu kidogo hivyo huonekana jeusi ukisimama hatua moja kutoka mezani.

Watengenezaji kama Baccus na Heroics & Ros wamekijenga kipimo hiki kwa miongo mingi. Faida yake nyingine ni hifadhi: jeshi zima la Napoleon hukaa ndani ya boksi la viatu, na vita vikubwa huchezwa kwenye meza ya chakula bila kuiongezea mbao.

Kipimo cha 10 kimekaa karibu na 6 kwa tabia, lakini bendera zinasomeka na farasi wana misuli. Watengenezaji Pendraken wana orodha ndefu sana ya enzi. Warlord Games nao walileta mwaka 2021 mfululizo wa milimita 13.5 wa plastiki kwa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani na kwa Waterloo, askari wakiwa wameunganishwa tayari kwa safu, kwa ajili ya mtu anayetaka bataliani nyingi haraka. Angalizo kuhusu hao wa 13.5: hawalingani vizuri na 10 wala na 15 za wengine, kwa hiyo ukiingia humo unabaki na mtengenezaji huyo kwa karibu kila kitu.

Kama ungenibana nitaje kipimo kimoja kwa mtu anayependa historia kuliko brashi, ningesema 10. Kinatosha kuonyesha divisheni, na jicho halichoki kukitazama.

Milimita 15

Hapa nitapita haraka, kwa sababu 15 haina mengi ya kubishaniwa. Inafaa kiasi kwa kila kitu. Kwa vita vya kale na vya zama za kati ina utajiri ambao hakuna kipimo kingine kimeufikia: mataifa ambayo hutayapata kwingine yapo kwenye 15. Sababu kubwa ni kanuni za De Bellis Antiquitatis za mwaka 1990, ambazo jeshi lake ni vitako 12 tu vyenye upana wa milimita 40, na mchezo huisha ndani ya saa moja hivi. Mtu anaweza kumiliki Karthago na Roma kamili, zikiwa tayari zimepakwa rangi, kwa kazi ambayo kwenye 28 ingemaliza vikosi viwili au vitatu vya upande mmoja.

Kwa Vita vya Pili vya Dunia, Flames of War iliyotoka New Zealand mwaka 2002 iliifanya 15 kuwa nyumba ya vifaru. Kombania nzima ya vifaru hukaa mezani na bado kila kimoja kinatambulika aina yake.

1:72, ya mchezaji aliye peke yake

Tangu kampuni ya Airfix ilipotoa askari wake wa kwanza wadogo wa plastiki mwaka 1959, kipimo hiki kimekuwa mlango wa watu wengi kuingilia. Sanduku la askari wa miguu mara nyingi lina 40 au zaidi, na bei ya kila mmoja huwa chini mno ikilinganishwa na vijisanamu vya chuma. Kampuni za HaT, Zvezda na Italeri zimeziba enzi nyingi. Kwa mtu asiye na mwenzake wa kucheza naye, ambaye itambidi atengeneze pande zote mbili mwenyewe, hili ni jambo zito.

Kuna bei nyingine unayoilipa. Plastiki nyingi za 1:72 ni laini, inayojipinda, na rangi hupenda kubanduka kwenye mikuki na mitutu. Waoshe kwa maji ya uvuguvugu yenye sabuni kuondoa mafuta ya kiwandani, wapake praima (rangi ya kwanza ya msingi) inayoshika plastiki laini, na ukimaliza rangi wafunike kwa vanishi. Usiruke hatua hata moja kati ya hizo tatu. Shida nyingine ni mikao: sanduku laweza kukupa wapiga magoti sita na watembeaji wawili, ilhali bataliani yako inatakiwa kutembea.

Majengo ni rahisi kupata, kwa sababu treni za kuchezea za skeli ya 1:76 zinakaribiana sana na 1:72, na nyumba zake hazionekani ngeni. Vivyo hivyo nyumba za treni ndogo za 1:148 na 1:160 hufaa milimita 10. Wa 28 hana bahati hiyo.

Uongo wa umbali

Jambo hili halitajwi sana kwa wanaoanza, na mimi naliona zito kuliko bei. Kijisanamu na ardhi anayokanyaga havijapunguzwa kwa kiwango kimoja.

Gobore la enzi za Napoleon, likipigwa kwa pamoja na safu nzima, lilikuwa na maana hadi takriban mita 100. Mita 100 kwa skeli ya 1:56 ni mita 1.8, urefu wote wa meza. Bunduki ya Vita vya Pili yenye kufika mita 500 ingehitaji karibu mita 9, yaani chumba kingine. Kwa hiyo kanuni za 28 hulazimika kubana: bunduki hufika inchi 24, gobore inchi 12 au 18, na bastola, ikilinganishwa na bunduki, hufika mbali kuliko mtu anavyotarajia. Macho yanaona watu wawili wenye magobore waliotengana kwa hatua thelathini hivi wakishindwa kupigana risasi.

Kwa 1:300, mita 100 ni sentimita 33. Gobore laweza kufika pale lilipofika kweli, mzinga ukafika mbali zaidi, na mpanda farasi akawa na uwanja wa kushika kasi. Hata hivyo 6 haifuti uongo huo, inaupunguza tu. Mstari wa mbele wa Waterloo ulikuwa na urefu wa takriban kilomita 4, na kwa 1:300 hizo ni mita 13. Waprusia walioutengeneza mchezo wa kivita wa maofisa wao mwaka 1824 waliliona tatizo hili mapema, wakaachana kabisa na askari wadogo: walitumia vipande vidogo vya kuwakilisha vikosi juu ya ramani za 1:8000.

Kama uongo huo unakukera, nenda 6 au 10. Kama haukusumbui, na wachezaji wengi wazuri haujawahi kuwasumbua, jambo hili lisikuzuie kuchukua 28. Njia ya kati ipo: chukua kanuni zilizoandikwa kwa inchi, vijisanamu vya 10 au 15, na pima kila kitu kwa sentimita. Umbali wote unapungua mara mbili na nusu, na meza ndogo inakuwa uwanda.

Printa ya 3D imebadilisha nini

Faili moja la kijisanamu sasa laweza kuchapwa kwa kipimo chochote, na wengi wanadhani hilo limemaliza mjadala. Halijaumaliza. Kijisanamu kilichofinyangwa kwa 28 kikipunguzwa hadi 10, mkuki wake unakuwa uzi unaokatika ukiugusa. Cha 6 kikikuzwa hadi 28 kinakuwa kibuyu kisicho na uso. Tafuta mafaili yaliyofinyangwa kwa ajili ya kipimo chako. Resini mbichi, yaani majimaji ya plastiki ya printa, inadhuru ngozi na mapafu, kwa hiyo glavu na dirisha lililo wazi ni sharti. Ukisugua resini iliyokauka, vaa barakoa.

Kabla ya kununua jeshi

Waulize kwanza watu utakaocheza nao. Kama klabu ya karibu nawe ina Warumi na Wagiriki wa 15 kila mahali, sifa zote nilizozitaja za 10 hazina thamani kwako. Nunua 15 ukacheze wiki hii. Kipimo kizuri bila mpinzani ni pambo la rafu.

Kama uko huru kuchagua, nunua pakiti ndogo kabisa za vipimo viwili unavyovitamani, za enzi ileile. Paka kitako kimoja cha kila kipimo hadi mwisho, pamoja na nyasi na vanishi, kisha viweke mezani na usogee nyuma hatua mbili. Jiulize swali moja tu kuhusu kila kimoja: je, niko tayari kuvipaka vitako vingine ishirini kama hiki? Jibu hilo lina ukweli kuliko makala yoyote, hii ikiwemo.

Halafu, kabla gundi haijagusa kijisanamu cha kwanza cha jeshi lenyewe, amua upana wa kitako. Kanuni nyingi hazijali kama una vijisanamu vinne au sita juu yake, ila karibu zote zinajali kwamba kitako chako na cha mpinzani vina upana mmoja. Milimita 40 kwa 15 na milimita 60 kwa 6 au 28 zinakubalika na kanuni nyingi. Wale wa michezo ya mtu mmojammoja kama Saga, wabandike mmoja mmoja kwenye vitako vya duara, na vita vikikua uwaweke juu ya trei yenye sumaku ili watembee kama kikosi.